Pembe za Ujiji, Vidole vya Addis Ababa

Ukibahatika kukutana na piano iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, usikimbilie kuipiga. Inama kwanza, uitazame kwa ubavu huku mwanga ukiiangukia. Kila kibao cheupe kimefunikwa kwa vipande viwili: kimoja kipana cha mbele, pale kidole kinapotua, na kingine chembamba kinachopenya kati ya vibao vyeusi. Vinapokutana pana mstari. Ukipitisha ukucha juu yake unausikia. Plastiki haina mstari huo, maana yenyewe humiminwa ikawa kipande kimoja. Tena utaona kwamba rangi si nyeupe pe. Ina umanjano, hasa kama piano imefungwa kifuniko kwa miaka mingi, kwa sababu pembe ya ndovu huhifadhi weupe wake ikipata mwanga na hugeuka rangi ikikaa gizani.

Na kama piano hiyo ni ya Marekani, upo uwezekano mkubwa kwamba pembe hiyo iliuziwa Zanzibar. Pembe za Zanzibar zilitoka bara, na mojawapo ya njia kuu za bara ilikuwa na kichwa chake hapa kwetu, Ujiji.

Naanza na pembe kwa sababu sura hii inamhusu mpiga piano Mwafrika, na huku kwetu ukimtaja mpiga piano Mwafrika hakosi mtu wa kuuliza: “Piano na sisi, wapi na wapi?” Swali ni la haki. Jibu lake ni refu kuliko muulizaji anavyotarajia.

Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sultani wa Muscat, aliyeitawala pia Zanzibar, mwaka 1833, na balozi wake mdogo wa kwanza, Richard Waters, akafika mwaka 1837. Waliuza kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani, na wakanunua, pamoja na vitu vingine, pembe. Ndovu wa upande huu wa Afrika walisifiwa kwa kile wafanyabiashara walichokiita pembe laini. Pembe za misitu ya magharibi zilikuwa ngumu zaidi na zilipasuka upesi zikipata joto la jiko majira ya baridi. Ya kwetu ilivumilia. Kwa hiyo ya kwetu ndiyo iliyotakiwa na watengenezaji wa vibao vya piano.

Katika jimbo la Connecticut kulikuwa na miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kazi hiyo. Kampuni mbili, Pratt, Read na Comstock, Cheney, zilikata pembe kwa misumeno miembamba na kupata vipande vyepesi vya kubandika juu ya mbao. Kisha vipande vilipangwa ndani ya vibanda virefu vya vioo vilivyoelekezwa kusini, vikaanikwa juani kwa majuma hadi viwe na weupe wa kufanana. Inakadiriwa kwamba pembe moja nzuri ya kilo 34 hivi ilitoa vibao vya kutosha piano 45. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani peke yake ilitengeneza zaidi ya piano 300,000 kwa mwaka. Msomaji na apige hesabu mwenyewe, akikumbuka kwamba ndovu ana pembe mbili, na kwamba piano haikuwa mlaji pekee: zilikuwapo pia bangili za India, vichanuo, mipini ya visu na mipira ya bilyadi.

Huku upande wa pili wa biashara, pembe zilikusanywa Manyema, Nyangwe na Kasongo, katika nchi ambayo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliitawala kwa bunduki na mikataba, naye akatuachia maelezo ya maisha yake kwa Kiswahili kilichonyooka. Zilivushwa ziwa kwa mitumbwi hadi Ujiji. Katika soko la Ujiji watu walinunuliana samaki, chumvi na mawese kwa shanga zilizoitwa sofi. Mwinyi Kheri alikuwa mkubwa wa mji, na baada yake akaja Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza. Kutoka hapo misafara ilielekea Uvinza kwenye chumvi na kivuko cha Malagarasi, kisha Tabora, kisha Bagamoyo: zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Leo ukitoka Kigoma mjini, barabara ya lami ikifika Kidahwe inagawanyika, moja inakwenda Kasulu na nyingine Uvinza. Dereva wa basi akikata kona ya kwenda Uvinza anafuata, bila shaka kwa mwendo wa kasi zaidi, uelekeo ule ule wa wapagazi.

Wengi wao walikuwa wapagazi wa ujira, Wanyamwezi hasa, waliojua bei yao na waliogoma walipopunjwa. Wengine walikuwa mateka waliotarajiwa kuuzwa pamoja na mzigo walioubeba. Ujiji imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006 kama kituo cha mwisho cha njia ya watumwa na pembe, ikiwa pamoja na Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya na Bagamoyo. Watalii wanapelekwa kwenye mwembe kuelezwa habari za Livingstone na Stanley wa mwaka 1871. Sijawahi kusikia mtu akielezwa habari za piano.

Sisemi kwamba kwa hiyo piano ni yetu. Aliyebebeshwa mzigo hageuki mwenye mzigo. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa akipiga muziki wa Kiromantiki sebuleni Boston mwaka 1880, akitia huzuni yake yote katika kipande cha Chopin, alikuwa ameweka ncha za vidole juu ya kitu kilichowahi kupita kwenye bega la mtu wa nchi hii. Uhusiano upo, ulikuwa wa upande mmoja, na kwa muda mrefu sauti haikurudi huku.

Mmoja wa waliorudisha sauti hiyo Afrika Mashariki hakutoka kwetu. Alitoka Addis Ababa. Girma Yifrashewa alizaliwa mwaka 1967. Chombo chake cha kwanza kilikuwa kirar, kinubi kidogo cha Ethiopia kinachokumbatiwa kifuani. Piano aliikuta akiwa na miaka 16, alipoingia Shule ya Muziki ya Yared, iliyopewa jina la mtakatifu wa karne ya sita anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa Kanisa la Ethiopia. Miaka 16! Walimu wa piano wa Ulaya wangekwambia mtoto huyo amechelewa kwa miaka kumi. Akapata nafasi ya kusoma katika chuo cha muziki cha Sofia, Bulgaria, katika enzi ambayo nchi za kisoshalisti ziligawa nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika, na ambayo hata hapa Tanzania tulipata madaktari na wahandisi waliozungumza Kirusi. Kisha utawala wa Bulgaria ukaanguka, na masomo yakakatika. Akaenda Italia kwa muda, akaendelea kupiga huko, baadaye akarudi Sofia akamaliza. Mwaka 1995 alikuwa amesharudi nyumbani, na akafundisha Yared kwa miaka kadhaa.

Hapo ndipo kazi inayotuhusu ilipoanza. Katika maonyesho yake na katika rekodi zake za mwanzo, Girma aliwaweka Chopin, Schumann na Debussy jirani na vipande alivyotunga mwenyewe kutokana na muziki wa Ethiopia. Si sehemu ya kwanza Ulaya, kisha mapumziko, kisha sehemu ya pili “ya asili” kwa ajili ya kuchangamsha wageni. Ni jirani, ukuta kwa ukuta.

Sikiliza kipande chake kiitwacho Ambassel. Jina ni la mojawapo ya mipangilio minne mikuu ya sauti katika muziki wa Ethiopia. Mingine ni tizita, bati na anchihoye. Kila mmoja umejengwa kwa sauti tano, na kila mmoja una hali yake ya moyo ambayo Mwethiopia huitambua kabla wimbo haujafika mbali. Mkono wa kulia wa Girma hauimbi sauti hizo zikiwa tupu. Unazizungusha, unazitetemesha, unaigonga ya jirani kwa haraka kabla ya kutua kwenye ile yenyewe, kama afanyavyo mwimbaji wa Kiethiopia kwa koo. Huo ni mkono wa nyumbani. Mkono wa kushoto unafanya jambo jingine kabisa: unatandaza mawimbi mapana, sauti ya chini kabisa kisha ya kati kisha ya juu, pedali ikizishikilia zote zisife. Huo umejifunzia kwa Chopin na Liszt. Sikio la kwanza linafikiri ni mikono ya watu wawili. Sikio la tatu linaacha kufikiri hivyo.

Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuchanganya. Nimesikia lawama hiyo kutoka pande mbili: mpenzi wa muziki wa Ulaya anasema kipande kama hicho kinapunguza heshima ya Chopin aliyekitangulia, na mtetezi wa asili anasema Chopin amemharibu Girma. Wote wawili wamesahau Chopin alikuwa nani.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, Poland. Akiwa kijana wa shule alikwenda likizo Szafarnia, mwaka 1824 na tena 1825, akawasikia wanakijiji wakiimba na kucheza. Mwaka 1830 aliondoka Warszawa, na kwao hakurudi tena. Alifia Paris mwaka 1849. Katika muda huo wote alitunga mazurka, ngoma ya mapigo matatu ya nchi ya Mazowsze, zaidi ya 50. Hakuna aina nyingine ya kipande aliyoirudia mara nyingi hivyo. Chukua ile ya Opus 68 namba 3, aliyoitunga akiwa bado kijana na iliyochapishwa baada ya kifo chake. Inaanza kwa mikogo, kama watu waliovaa nguo za sherehe. Kisha katikati, ghafla, mkono wa kushoto unashika sauti mbili tu, wala hauzibadilishi, ile sauti isiyokatika ya zumari la mfuko la kijijini. Juu yake mkono wa kulia unapiga kiwimbo chembamba chenye sauti moja iliyopandishwa kidogo, sauti ambayo mwalimu wa muziki wa Warszawa angeiita kosa. Kipande hicho cha kati kinapita upesi mno. Ni filimbi ya mchunga ng’ombe iliyoingizwa sebuleni bila kuvuliwa viatu.

Huo ndio Uromantiki, ukiuondolea mishumaa na mashati ya mikono mipana. Ulikuwa wakati ambapo watunzi wa Ulaya, hasa wale wa mataifa yaliyokuwa yametawaliwa na wengine, waligundua kwamba wimbo wa bibi zao unaweza kubeba uzito uleule wa sonata. Liszt alifanya hivyo kwa Hungary, Grieg kwa Norway, Dvořák kwa Wacheki. Na Mwafrika hakuchelewa kama tunavyodhani. Samuel Coleridge-Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1875, baba yake akiwa daktari kutoka Sierra Leone, alichapisha mwaka 1905 kitabu cha vipande 24 vya piano kutokana na nyimbo za watu weusi, zikiwamo nyimbo za kusini mashariki mwa Afrika, na katika dibaji akaeleza waziwazi kwamba anafanya kwa nyimbo hizo kile ambacho Brahms, Dvořák na Grieg walifanya kwa zao. Aliwataja kwa majina. Alijua anaketi meza gani.

Kwa hiyo Girma anapomweka Chopin kabla ya Ambassel, hachanganyi vitu viwili. Anaonyesha kitu kimoja mara mbili.

Sasa niseme jambo linaloniudhi. Mwaka 2014 kampuni ya Marekani iitwayo Unseen Worlds ilitoa albamu ya Girma, Love and Peace, na ndiyo iliyomfanya ajulikane mbali na Addis. Ina vipande vitano: The Shepherd with the Flute, Ambassel, Chewata, Elilta (yaani vigelegele, na kweli vimo) na Sememen. Vyote ni vyake. Ni albamu nzuri, na sina ugomvi na mtu aliyeitoa. Bila yeye wengi wetu tusingemsikia. Lakini Schumann ameondoka. Chopin ameondoka. Majirani wamehamishwa, na nyumba imebaki peke yake kwenye kiwanja. Msikilizaji wa New York anamsikia “mpiga piano wa Ethiopia” na kuridhika, kwa sababu Chopin anao tayari kabatini, kapigwa na Wapoland na Warusi na Wachina. Hahitaji Chopin wa Mwafrika. Na hapo ndipo anapokosea, maana Chopin wa Girma ni Chopin aliyesikilizwa na mtu anayeijua filimbi ya mchungaji kwa kuisikia. Soko la muziki, likimpenda Mwafrika, humpenda akiwa kwao. Akitaka kuzungumzia habari za wengine, linakumbuka kwamba lina wazungumzaji wa kutosha.

Girma si wa kwanza kupokewa hivyo. Kabla ya Girma alikuwapo Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa aliyezaliwa mwaka 1923 katika familia ya wakubwa wa Ethiopia, akapelekwa Uswisi akiwa na miaka sita, akajifunza violini na piano huko. Waitalia walipoivamia nchi yake, yeye na familia yake wakafungwa katika kisiwa cha Asinara. Baada ya vita alisoma Cairo kwa Alexander Kontorowicz, mpiga violini kutoka Poland. Ilipokuja nafasi ya kwenda London, ruhusa ikakosekana. Akaacha kula, akaugua, akaingia utawa. Miaka ya 1960 rekodi zake za kwanza zilitolewa Ujerumani, na mapato yakaenda kwa wahitaji. Mwaka 2006 mfululizo wa Éthiopiques ulimpa juzuu nzima, ya 21, na dunia ikamgundua akiwa na miaka zaidi ya 80, ndani ya chumba kidogo cha watawa Jerusalem. Alifariki mwaka 2023, amebakiza miezi michache kutimiza 100. Wengi wanaandika kwamba muziki wake unafanana na jazi. Mimi namsikia mtu aliyekula chakula chote cha walimu wake wa Ulaya na kukimeng’enya mpaka hakuna kipande kinachotambulika. Girma hakumeng’enya hivyo. Girma anakuonyesha sahani zote mbili. Ni tabia mbili tofauti, na kwangu zote ni halali, ila ile ya Girma ina ujasiri zaidi kwa sababu inakuruhusu kulinganisha.

Turudi Kidahwe, pale barabara inapogawanyika, na nisiwe na maneno makubwa. Piano hapa hakuna. Kipo kinanda cha kanisani, na mpiga kinanda ni mtu wa heshima: kwaya haianzi mpaka aketi, na sherehe ya ndoa ikikosa kinanda wageni husema mpaka mwaka unaofuata. Kinanda chenyewe ni cha umeme, vibao 61, vyepesi, kinabebwa kwapani na hufungwa nyuma ya bodaboda kikiwa kimeviringishwa kwenye kanga. Mpigaji amejifunza kwa mpigaji aliyemtangulia. Wimbo ameandikiwa kwa do-re-mi, au hakuandikiwa. Akiuona unaanza mahali pagumu anabonyeza kitufe cha kupandisha na kushusha sauti, kile kinachoitwa transpozi, ili vidole vyake viendelee kutembea kwenye vibao vyeupe alivyovizoea. Kisha anabonyeza kitufe kingine, mashine inampigia ngoma na besi.

Watu waliosoma hupenda kucheka hapa. Sioni la kuchekesha. Muziki mkubwa kuliko wote unaoimbwa na Watanzania kila wiki umejengwa juu ya mikono hiyo. Padri Stephen Mbunga, ambaye Misa Baba Yetu yake ilitangulia wakati, aliandika mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Wabantu, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa nyimbo za wenyeji. Kilichofuata ni mafuriko ya utunzi. Na huyo kijana mwenye transpozi ana sikio ambalo wanafunzi wengi wa vyuo hawana: msikilizishe wimbo mara moja, atakupigia.

Anachokosa ni mkono wa kushoto. Mashine imeuchukua. Ule mkono uliotandaza mawimbi katika Ambassel, ule ulioshikilia sauti mbili za zumari kwenye mazurka, hapa kazi yake imebaki kushika vibao vitatu ili mashine ijue iende wapi. Muziki wote wa Kiromantiki, na muziki wote wa Girma, umekaa kwenye mkono huo. Vibao vyepesi navyo vina hasara yake. Kwenye piano halisi kidole kinarusha nyundo iliyovikwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, nyundo inagonga waya, na waya hizo, zaidi ya 200, zinavuta fremu ya chuma kwa nguvu inayokaribia tani 20. Uzito wa kidole ndio unaoamua kama sauti itanong’ona au itafoka. Kinanda cha bei nafuu hakijui uzito huo. Kinajua kuwasha na kuzima.

Wapo watakaosema piano haiwezi kufika huku, na ikifika haitadumu. La kudumu lina ukweli. Unyevu wa masika huvimbisha mbao, kiangazi kinazikausha, mchwa nao hawachagui. Ila la kufika nalikataa. Mji wa Kigoma ulipokea meli nzima, Graf von Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari na kwa reli mpya iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa upya hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa, ikaibuliwa, ikaitwa Liemba. Piano kubwa ya jukwaani haifiki hata kilo 600.

Na wapo watakaosema chombo chetu ni inanga, si piano. Inanga kweli ni yetu, sisi na ndugu zetu wa Burundi: ubao uliochongwa bonde, uzi mmoja mrefu ukizungushwa kwenda na kurudi juu yake, na mpigaji wa Burundi akinong’ona maneno badala ya kuimba, kwa sababu chombo kina sauti ya chini na mwimbaji akipaza ataifunika. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walichapisha utaratibu wa kuainisha ala ambao wanamuziki bado wanautumia. Katika utaratibu huo inanga iko katika ukoo mkubwa wa zeze, ambamo nyuzi zimetandazwa juu ya mwili wa chombo bila shingo. Piano nayo imo katika ukoo huohuo. Vua kifuniko, ondoa nyundo, toa miguu, utabaki na nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao.

Kwa hiyo mtu wa Kidahwe akitaka kufanya alichofanya Girma, mali ghafi anayo. Mafunzo ndiyo ya mbali. Chuo cha Muziki cha Nchi za Majahazi Zanzibar, kilichofunguliwa mwaka 2002, kinamfundisha mtoto taarabu na kusoma noti chini ya paa moja. Bagamoyo ipo TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni. Kampala ipo shule ya muziki, na Nairobi ipo Kenya Conservatoire, ambayo imefundisha piano tangu mwaka 1944. Kote huko ni safari ya siku na nauli ya kuuza shamba la michikichi, au angalau mavuno yake. Mkoa uliotoa wasanii wa kujaza kundi zima la Kigoma All Stars mwaka 2012, mkoa ambao Diamond na Alikiba huutaja wanapotaja kwao, hauna, kwa ninavyojua, darasa moja la kudumu la piano.

Lakini ile mazurka ya Opus 68 namba 3 haihitaji vibao 88. Sehemu yake ya kati inaenea kwenye vibao 61 vya kinanda cha kanisani, haidai pedali, na mkono wake wa kushoto una sauti mbili tu za kushika. Mpigaji mwenye sikio la Kidahwe ataipata kwa jioni chache, mradi azime ngoma ya mashine. Akishaipata, asiifute. Aziache sauti zile mbili pale pale chini, apandishe juu yake wimbo wowote wa harusi wa Kiha alioukuta kwao, kwanza ukiwa mtupu, kisha ukiwa na mizunguko ambayo mama zake huitia kooni. Arekodi vyote viwili kwa simu, mazurka kwanza na Kiha baadaye, na mara nyingine Kiha kwanza. Mpangilio gani unafaa zaidi ni jambo la kubishania, na ningependa ubishi huo ufanyike Mwanga na Gungu, hapa Kigoma, badala ya New York.